Kutoka mlango wa stoo hadi kitandani kwa mgonjwa: mwongozo kamili wa usalama na ubora katika famasi ya hospitali

Asubuhi moja nilifungua friji ya famasi niliyokuwa nimekabidhiwa wiki hiyo hiyo. Themomita ilisoma nyuzi 5, sawasawa kabisa. Fomu ya joto iliyobandikwa mlangoni nayo ilikuwa nadhifu: 5, 5, 5, asubuhi na jioni, mwezi mzima bila siku kuruka. Nikabonyeza kitufe kinachoonyesha kiwango cha chini kabisa tangu themomita ilipofutwa mara ya mwisho. Ikatoka hasi 3. Insulini ilikuwa imepangwa ikigusa ukuta wa nyuma, pale pale barafu inapojijenga.

Hakuna aliyedanganya. Aliyejaza fomu alisoma namba iliyokuwa mbele yake, akaiandika, akaendelea na kazi. Alifundishwa kusoma friji, hakufundishwa kuiuliza ilifanya nini usiku. Tangu siku hiyo naupima ubora wa famasi kwa swali moja: mtu akichoka, akiwa na haraka, akiwa mgeni, utaratibu uliopo utamzuia asikosee au utamtegemea akumbuke? Hatua zifuatazo zimejengwa juu ya swali hilo.

Hatua ya 1: Chagua dawa moja uifuate kwa miguu

Usianze kwa kuandika kanuni mpya. Chukua dawa moja, insulini inafaa sana, uifuate tangu inaposhushwa garini hadi inapoingia mwilini mwa mgonjwa. Beba daftari. Kila inapobadilisha mkono au chombo, andika nani kaipokea, kaangalia nini, kaandika wapi. Gari hadi stoo. Stoo hadi dirisha la famasi. Dirishani hadi kikapu cha wodi, kikapu hadi friji ya wodi, friji hadi trei ya muuguzi, kichupa hadi bomba la sindano. Hayo ni makabidhiano sita, na bado hujagusa karatasi: alichoandika daktari, ilichosoma famasi, ilichonakili wodi.

Tafuta mahali ambapo dawa haina mwenyewe. Kwangu palikuwa kwenye korido: kikapu cha wodi kilikaa juu ya benchi kwa saa mbili kila mchana, watu wa famasi wakijua kimeshachukuliwa, watu wa wodi wakijua bado hakijatoka. Ndani yake mlikuwa na dawa za baridi, yaani zinazohitaji kukaa kwenye friji. Dawa ya tatizo hilo ilikuwa daftari la makabidhiano lenye saini mbili na saa, na sharti kwamba kikapu hakitoki dirishani mpaka mchukuaji amesimama pale.

Hatua ya 2: Mlango wa kupokelea

Mzigo ukifika, usiuingize rafuni. Tenga sehemu ya karantini, hata kama ni rafu moja yenye utepe mwekundu, na dawa zikae humo mpaka zikaguliwe. Linganisha jina, nguvu ya dawa, aina (kidonge, maji, sindano), idadi, namba ya bechi na tarehe ya mwisho wa matumizi na kile ulichoagiza. Kisha fungua boksi uangalie kilichomo, maana boksi na kichupa huweza kusema mambo mawili tofauti. Bechi ya nje na ya ndani zifanane. Maandishi yenye makosa ya tahajia, lebo iliyopinda, lakiri iliyofunguliwa, vidonge vyenye madoa, maji ya sindano yenye chembe: chochote kati ya hivyo kinatosha kuusimamisha mzigo na kuripoti kwa mamlaka ya dawa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, takriban bidhaa 1 kati ya 10 za tiba ni duni au bandia. Kwa hiyo ukaguzi huu si ushamba wala kumdharau mleta mzigo.

Famasi inayotengeneza dawa zake za maji iwe na ukali wa ziada kwenye gliserini na propilini glikoli. Deithilini glikoli, sumu inayoua figo, ina utamu na ulaini unaofanana nazo, na ni rahisi bei. Mwaka 1937 iliua watu zaidi ya 100 nchini Marekani ikiwa ndani ya dawa ya maji ya salfanilamidi, na mwaka uliofuata Marekani ikapitisha sheria ya kutaka dawa zithibitishwe usalama kabla ya kuuzwa. Mwaka 2022, baada ya vifo vya watoto nchini Gambia, sumu hiyo hiyo ilikutwa kwenye dawa za kikohozi. Miaka themanini na mitano imepita kati ya matukio hayo, na mlango ulioachwa wazi ni ule ule: malighafi iliyopokelewa kwa kuamini lebo. Dai cheti cha uchambuzi kinachotaja kipimo cha deithilini glikoli na cha sumu jamaa yake, ethilini glikoli, kwa bechi uliyoshika mkononi. Cheti cha mwaka jana hakihusu pipa la leo.

Hatua ya 3: Joto, mwanga na mpangilio

Turudi kwenye friji. Dawa nyingi za baridi hukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Fanya hivi:

1. Nunua themomita inayohifadhi kiwango cha juu na cha chini. Soma namba zote tatu asubuhi na jioni, andika, kisha futa kumbukumbu yake. Usipofuta, utasoma historia ya wiki iliyopita ukidhani ni ya usiku wa jana.
2. Ning'iniza kihisio katikati ya friji kati ya dawa zenyewe, mbali na mlango.
3. Acha nafasi ya vidole vichache kati ya dawa na kuta ili hewa izunguke. Mlangoni usiweke dawa, weka chupa za maji zenye alama ya kutokunywa. Zinasaidia kushikilia baridi umeme ukikatika.
4. Andika mlangoni afanye nini atakayekuta namba nje ya mpaka: ahamishie wapi, ampigie nani, dawa zitengwe vipi. Fomu ya joto isiyo na maelekezo haya ni pambo.

Watu huogopa joto na kusahau kwamba kuganda huharibu zaidi baadhi ya dawa. Insulini iliyoganda haitumiki tena hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Chanjo zenye chumvi za alumini, kama ya pepopunda na ya homa ya ini B, nazo hufa kwa kuganda. Ukizishuku hizo, kuna jaribio la kutikisa: chukua kichupa kimoja cha bechi hiyo hiyo, kigandishe makusudi, kiyeyushe, kisha ukitikise pamoja na unachokishuku na uviweke mezani bega kwa bega. Kilichoganda huteremsha mashapo haraka na kuacha maji maangavu juu. Chako kikiteremka kwa kasi hiyo, kitupe. Insulini haina jaribio la namna hiyo, ukiishuku itupe.

Rafuni, kinachotangulia kuisha muda ndicho kinachotangulia kutoka, hata kama kiliingia jana. Maboksi yasiguse sakafu wala ukuta. Kuhusu usafi wa stoo sitasema zaidi, kila mtu anaujua.

Hatua ya 4: Dawa zisizosamehe

Dawa nyingi zikikosewa kidogo, mwili huvumilia. Ziko chache ambazo kosa moja halina marudio. Andika orodha ya hospitali yako, fupi iwezekanavyo, kwa sababu orodha ya dawa 60 haisomwi. Heparini ya kuzuia damu kuganda, mofini na jamaa zake, dawa za saratani, insulini na potasiamu kloraidi nzito zisikose.

Anza na potasiamu. Kichupa chake kidogo cha kioo hufanana na cha maji ya kuchanganyia dawa, na ikisukumwa mshipani bila kuzimuliwa husimamisha moyo. Kubandika onyo jekundu hakutoshi. Saa tisa usiku hakuna anayesoma onyo. Iondoe kwenye kabati za wodi za kawaida. Ikae famasi, au kwenye vitengo vichache vinavyoihitaji kila siku, kwenye kabati lake lenye kufuli, na kila inapowezekana wodi ipewe dripu iliyokwisha kuzimuliwa.

Vinkristini inafundisha jambo hilo hilo kwa njia nyingine. Ni dawa ya saratani, ya mshipa tu. Ikiingizwa kwenye uti wa mgongo huua, karibu bila kubakiza. Ilikuwa ikikosewa kwa sababu ilitolewa kwenye bomba la sindano, siku ile ile na mgonjwa yule yule aliyekuwa na sindano nyingine halali ya uti wa mgongo. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari likishauri izimuliwe na kutolewa kwenye mfuko mdogo wa dripu. Hakuna anayefikiria kutundika mfuko wa dripu kwenye uti wa mgongo. Umbo la chombo limefanya kazi ya ukumbusho. Kila unapoandaa kanuni mpya jiulize kama unaweza kubadilisha umbo, mahali au kifuniko kabla ya kuongeza tangazo lingine ukutani.

Methotreksati kwa ugonjwa wa viungo au wa ngozi humezwa mara moja kwa wiki. Ikimezwa kila siku huharibu uboho na mgonjwa anaweza kufa. Lebo iandike siku yenyewe, "Jumatatu tu", na dozi nyingi zisitolewe kwa mkupuo kwa mgonjwa asiyeweza kurudia maelezo. Insulini ya kawaida ina yuniti 100 kwa mililita. Ipimwe kwa bomba lake lenye alama za yuniti. Bomba la kawaida halina kazi hapo.

Majina yanayofanana yatenganishwe rafuni, na herufi zinazotofautisha ziandikwe kubwa: vinCRIStine mbali na vinBLAStine, DOPamine mbali na DOBUTamine. Mpangilio wa alfabeti unapendeza macho na unaziweka jirani dawa ambazo hazitakiwi kuwa jirani.

Hatua ya 5: Kusoma agizo la daktari

Agizo lisilosomeka halikisiwi. Piga simu wodini, uliza, andika jibu na jina la aliyejibu. Halafu zipo alama zinazosomeka vizuri na bado zinaua:

"1.0 mg" nukta ikififia inakuwa 10 mg. Andika 1 mg. Kinyume chake, ".5 mg" iandikwe 0.5 mg, maana sifuri ya mbele ndiyo inayoilinda nukta. "10U" ya insulini husomwa 100. Neno "yuniti" liandikwe lote. Mikrogramu nayo iandikwe kwa kirefu.

Kwa watoto, agizo lisilo na uzito wa mwili lirudishwe. Tena tazama kipimo kimeandikwa kwa miligramu au mililita. Mtoto wa kilo 10 kaandikiwa parasetamoli ya mshipa miligramu 75. Chupa ina miligramu 10 kwa kila mililita, kwa hiyo anapata mililita 7.5. Mtu akiishika 75 kichwani na kuivuta kama mililita, mtoto kapata miligramu 750, mara kumi ya dozi. Ndiyo sababu lebo ya famasi itaje vyote viwili: "75 mg = 7.5 ml". Adrenalini iliyoandikwa kwa uwiano ina mtego wa aina hiyo: 1:1,000 ni miligramu 1 kwa mililita, na 1:10,000 ni miligramu 0.1. Tumia miligramu kwa mililita na uachane na uwiano.

Hatua ya 6: Kuchanganya

Naanza na kazi inayodharauliwa, unga wa amoksilini wa watoto. Chupa imeandikwa mililita 100. Mara nyingi nimemkuta mwanafunzi akimimina mililita 100 za maji ndani yake. Ile 100 ni ujazo wa dawa iliyokwisha changanywa, unga ukiwemo. Maji ya kuongeza ni pungufu, na kiasi chake kimeandikwa kwenye lebo au chupa ina mstari wa kufikia. Ukizidisha, kila kijiko cha mtoto kina dawa pungufu, na hakuna atakayeona kwa macho. Gonga chupa kichwa chini mpaka unga uachie kitako. Pima maji kwa silinda, kamwe si kwa kifuniko. Tia sehemu ya maji, tikisa kwa nguvu mpaka pasiwe na donge, malizia maji yaliyobaki, tikisa tena. Andika tarehe ya kumwaga kadiri mtengenezaji alivyoelekeza, kawaida siku 7 au 14, na mwambie mama atikise kila anapomnywesha mtoto.

Dawa zisizo na vijidudu ni ulimwengu mwingine. Mwaka 2012 kituo kimoja cha kuchanganya dawa huko Massachusetts, Marekani, kilisambaza sindano za steroidi zenye ukungu. Watu zaidi ya 700 waliugua na zaidi ya 60 walikufa. Waliodungwa walikuwa watu wenye maumivu ya mgongo na viungo, waliokwenda kutibiwa wakitembea.

Kabati la hewa safi, linalochuja hewa pale dawa inapochanganywa, liwashwe angalau nusu saa kabla ya kazi kama lilikuwa limezimwa. Vua pete na saa, nawa mpaka kiwikoni, vaa mavazi ya kinga kwa mpangilio. Panguza kwa alkoholi ya asilimia 70. Ya asilimia 95 hukauka mapema mno na haina maji ya kutosha kuua vijidudu ipasavyo. Panguza kizibo cha mpira cha kila kichupa na uache kikauke chenyewe, usikipulize. Fanya kazi angalau sentimita 15 ndani ya kabati, na mkono wako usikatize kati ya chujio na tundu la sindano, maana hapo hewa inayofika kwenye dawa ni ile iliyopita juu ya mkono wako. Dawa za saratani zina kabati lao, linalovuta hewa mbali na mchanganyaji.

Namna ya kujua kama mtu anaweza kazi hii ni kumpa achanganye mchuzi wa kuoteshea bakteria badala ya dawa, kwa hatua zote zile zile, kisha mchuzi uwekwe kwenye joto kwa siku 14. Ukichafuka, anarudi mafunzoni. Hata mkuu wa kitengo. Yeye hasa.

Bandika karibu na kabati karatasi moja ya vitu visivyopatana. Seftriaksoni na dripu zenye kalsiamu, kama Ringa, hutengeneza chembe, na kwa watoto wachanga hilo ni katazo kamili. Fenitoini huzimuliwa kwa salini (maji ya chumvi), ikikutana na glukosi hujitenga. Amfoterisini B ni kinyume, inataka glukosi ya asilimia 5. Karatasi moja tu. Daftari nene hufunguliwa baada ya ajali.

Hatua ya 7: Jicho la pili, na dirisha la mgonjwa

"Hebu niangalizie hapa, ni 7.5, si ndiyo?" "Ndiyo." Huo si ukaguzi, ni mazungumzo. Anayekagua apewe agizo na kichupa, apige hesabu mwenyewe tangu mwanzo bila kuambiwa jibu, ndipo mlinganishe. Usidai jicho la pili kwa kila kidonge, watu watachoka na kuanza kusaini bila kuangalia. Liwekee dawa zisizosamehe, watoto, na kila kinachohitaji hesabu.

Dirishani usimuulize mgonjwa, "Wewe ndiye fulani?" Mgonjwa mwenye homa au asiyesikia vizuri huitikia jina lolote. Muulize, "Jina lako kamili ni nani?" na kitambulisho cha pili, tarehe ya kuzaliwa au namba ya faili. Uliza kuhusu mzio na dawa nyingine anazotumia, za mitishamba zikiwemo. Kisha mwombe akueleze yeye namna atakavyotumia. Nilimwuliza hivyo mzee mmoja aliyekuwa amenisikiliza kwa heshima zote, akasema atapaka vile vidonge vya kuweka chini ya ulimi.

Dawa zenye asili ya kulevya zina kanuni zake za kisheria, zifuate: kufuli mbili, leja yenye salio la kila siku, saini mbili, na kilichobaki kwenye kichupa kimwagwe mbele ya shahidi. Salio likipungua, ripoti siku hiyo hiyo.

Hatua ya 8: Daftari la makosa

Weka daftari au fomu ya kuandika kila kosa, hata lililogundulika kabla ya kumfikia mgonjwa. Hayo ya mwisho ndiyo yenye thamani kubwa, yanakuonyesha shimo kabla mtu hajatumbukia. Sheria yake moja: anayeripoti kosa lake hakaripiwi. Nilifanya kazi mahali ambapo kila aliyeandika aliitwa ofisini. Baada ya miezi mitatu daftari lilikuwa jeupe, na uongozi ukasherehekea kwamba makosa yamekwisha.

Kila mwezi kaeni nusu saa, chagueni kosa moja mlifuate mpaka chanzo. "Hakuwa makini" si chanzo. Kwa nini vichupa viwili vilikuwa vimefanana, kwa nini alikuwa peke yake dirishani, kwa nini simu ililia akiwa katikati ya kuhesabu? Madhara ya dawa zenyewe yapelekwe kwa mamlaka ya dawa. Ni janga la thalidomaidi, dawa iliyofanya watoto wazaliwe na ulemavu, lililoifanya Uingereza ianzishe kadi ya njano ya kuripoti madhara mwaka 1964, na dawa nyingi hutoka sokoni kwa ripoti za watu wachache waliojisumbua kujaza fomu.

Hatua ya 9: Zoezi la kuirudisha dawa

Mara mbili kwa mwaka, bila kumwambia mtu, chagua dawa moja na namba ya bechi yake. Tangaza kwamba bechi hiyo imeondolewa sokoni, washa saa ya kuhesabia, na udai mambo matatu: kiasi kilichobaki stoo, kilichopo kila wodi, na majina ya wagonjwa waliopewa. Kilichopatikana kitolewe rafuni na kufungiwa karantini kana kwamba ni kweli. Zoezi langu la kwanza lilichukua siku nzima na wagonjwa hatukuwapata kabisa, kwa sababu namba ya bechi ilikuwa inaandikwa stoo na kuishia stoo. Tukaongeza safu moja kwenye leja ya dirishani na moja kwenye karatasi ya dawa ya wodini. Zoezi la pili lilikwenda vizuri hadi wodi ya upasuaji, ambako kulikuwa na boksi mbili ndani ya droo ambayo famasi haikujua kama ipo.